Wageni Wafundishao Kiingereza Katika Shule Zetu

*Hotuba kwa waamini na walimu wa Terrat, katika siku za Jubilei*



Katika siku hizi za Jubilei twawakumbuka waliotutangulia, na katika hao wamo wengi waliotoka nchi za mbali kuja kutufundisha. Jambo hilo halikukoma. Hata leo wageni waja, vijana kwa wazee, kutoka Ulaya, Marekani, Australia na kwingineko, wakisema, "Twataka kujitolea kufundisha Kiingereza katika shule zenye uhaba wa walimu na vitabu." Arusha hupokea wengi wa namna hiyo, maana ndio mlango wa kwendea Serengeti na Ngorongoro. Na Terrat yetu, iliyo upande wa kusini wa mji, penye majengo mapya na ng'ombe bado wakipita njiani, huonekana kwao kuwa ni mahali pafaapo.

Tumeombwa tuseme neno juu ya wageni hao: watufaa kwa lipi, na sisi yatupasa kuwapokea namna gani. Neno letu lote laweza kusemwa kwa ufupi hivi: mgeni afaaye ni yule amtiaye nguvu mwalimu mwenye darasa, ili siku ile mgeni aondokapo, kazi isiondoke pamoja naye. Yaliyobaki ni kueleza kwa nini twasema hivyo.

Tuanze na mtoto, kwa kuwa shule ilijengwa kwa ajili yake. Mtoto aliyezaliwa katika boma la Waarusha au la Wamasai hapa kwetu huanza kunena kwa Kimaasai mapajani pa mama yake. Aendapo shule ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili, na Kiingereza huwa ni somo moja katika masomo mengi. Akiisha kushinda mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, huingia kidato cha kwanza, na hapo mambo hugeuka kwa siku moja: karibu masomo yote husomwa kwa Kiingereza. Yule aliyejua vema habari za usanisinuru, jinsi jani lipatavyo chakula chake kwa nuru ya jua, sasa asikia jina jingine kabisa, wala hatambui ya kuwa ni jambo lile lile alilolijua jana. Hunyamaza. Mwalimu akiuliza, yeye hutazama chini. Watu husema, "Mtoto huyu hana akili," kumbe akili anayo, alichopungukiwa ni mlango wa kupitia.

Hili si jambo jipya. Mwaka 1984 wataalamu wawili Waingereza, Clive Criper na William Dodd, walikagua shule za nchi yetu, wakaona ya kuwa wanafunzi wengi wa sekondari hawakuweza kufuata masomo yao kwa lugha ile. Na tangu mwaka 2016, ada ilipoondolewa katika sekondari za serikali mpaka kidato cha nne, watoto wengi zaidi wameingia madarasani. Hiyo ni baraka kubwa. Lakini darasa likijaa hata wengine wakakosa mahali pa kukaa, mwalimu mmoja atamsikiliza nani akisoma kwa sauti? Kipindi chaisha kabla hajawafikia wa nyuma.

Wako wazee waulizao, "Kiingereza ni cha nini? Kwani Kiswahili hakitutoshi?" Kiswahili ni mali yetu, nasi hatukiachi. Hata hivyo tukumbuke jambo lililotendeka hapa penye mlima wetu. Mwaka 1951 Wameru walifukuzwa katika nchi yao ya Engare Nanyuki, ili mashamba yapewe walowezi wa Kizungu. Hawakushika silaha. Walimtuma Kirilo Japhet, na mwaka 1952 alifika New York, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kueleza shauri la watu wake. Wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda, aliwasaidia, na mwaka 1967 hao wawili walitoa kitabu kwa Kiingereza juu ya shauri hilo, hata leo chasomwa na watu wa mataifa. Nchi ile hawakurudishiwa wakati ule, lakini ulimwengu uliwasikia. Tazameni basi: lugha ya kigeni ni kama jembe la kuazima. Asiyeweza kulishika, wengine watalima shamba lake na kulihesabu kuwa lao.

Na siku hizi haja haikupungua. Kijana atakaye kuongoza watalii, kusoma maagizo ya dawa za mifugo, au kwenda Chuo Kikuu, hukutana na Kiingereza njiani. Kwa hiyo mgeni asemaye, "Nimekuja kuwasaidia watoto kusema lugha hii," asema juu ya haja ya kweli. Hatumcheki, wala hatumfukuzi.

Sasa tutazame nyuma kidogo, tuone ni wageni wa namna gani walioacha matunda.

Wamisionari wa kwanza wa Kilutheri kufika Meru, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri mwezi wa Oktoba 1896. Baada yao wenzao walirudi, wakajenga Nkoaranga mwaka 1902, na Ilboru mwaka 1904. Kazi ya watu hao ilisimama kwa sababu mbili. Ya kwanza, walikaa chini wakajifunza lugha ya wenyeji, kabla ya kutaka wenyeji wajifunze mambo yao. Ya pili, waliwafundisha walimu Waafrika, na mwaka 1912 chuo cha walimu kilifunguliwa Marangu, upande wa Kilimanjaro. Faida ya jambo hilo la pili ilionekana upesi. Baada ya Vita ya Kwanza, mwaka 1920, wamisionari Wajerumani walirudishwa kwao. Vita ya Pili ilipoanza mwaka 1939, wengi wao walitiwa kizuizini. Mara zote mbili shule za vijijini zingalifungwa zote, kama zingaliwategemea wageni peke yao. Waliozishika ni walimu wa kwetu, wengine kwa mshahara mdogo mno, wengine bila mshahara.

Tuendelee. Nchi yetu ilipokaribia uhuru wake wa mwaka 1961, walimu wa sekondari waliokuwa Waafrika walikuwa wachache sana. Ndipo Chuo cha Walimu cha Columbia kule New York kilipowakusanya Wamarekani kuja kufundisha Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Hawakuingizwa darasani siku ile waliyoshuka katika ndege. Wengi walipitia kwanza Makerere, wakajifunza namna ya shule za huku, kisha wakapewa kazi ya miaka miwili. Baada ya miaka michache mpango wenyewe uligeuzwa: badala ya kuwaleta walimu wa kufundisha watoto, wakaletwa wakufunzi wa kufundisha walimu katika vyuo. Hao walikuwa wameelewa ya kuwa mtu akimfundisha mtoto mmoja amemfaa mmoja, lakini akimfundisha mwalimu amewafaa watoto wa miaka thelathini.

Shirika la Waingereza liitwalo VSO nalo lapasa kukumbukwa. Alec Dickson na mkewe Mora walipolianzisha mwaka 1958, lilituma vijana waliotoka shuleni juzi, wenye umri wa miaka kama kumi na minane. Baadaye shirika lenyewe liligeuka, likatafuta watu wenye ujuzi wa kazi. Na hapa karibu nasi, Wadeni walianzisha chuo upande wa Usa River mwaka 1967, ili watu wao wa kujitolea wajifunze Kiswahili kabla ya kushika kazi. Basi wageni wenyewe, waliotangulia katika kazi hii, walijifunza mambo haya matatu: mgeni awe na ujuzi, ajue lugha ya wenyeji, akae muda wa kutosha.

Kikosi cha Amani cha Wamarekani kilianza kazi Tanganyika mwaka 1961, kikaondoka mwaka 1969, kikarudi mwaka 1979, na watu wake wengi walifundisha sekondari kwa miaka miwili miwili. Mwezi wa Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea, kikosi hicho kiliwaita nyumbani watu wake wote walioko duniani. Mwezi ule ule shule zetu zilifungwa. Zilipofunguliwa tena, mwanzo wa Juni kwa kidato cha sita na mwisho wa Juni kwa wengine, ni nani aliyesimama mbele ya ubao? Ni mwalimu wa hapa hapa. Hatuwalaumu waliokwenda, kila mtu ana mama yake. Lakini mwaka 1920, mwaka 1939 na mwaka 2020 yatufundisha neno moja: mgeni, hata akiwa mwema sana, ana safari.

Sasa tuje kwa wageni wa siku hizi. Wengi wao hukaa majuma mawili, au mwezi mmoja, au miezi mitatu. Wengine ni walimu hodari katika nchi zao. Wengine hawajapata kufundisha hata siku moja, sifa yao ni kuzaliwa wakisema Kiingereza. Wengi hulipa fedha nyingi kwa kampuni za safari za kwao ili wapelekwe shuleni, nao hudhani ya kuwa fedha hizo zote zimefika kwa watoto. Wengi huja katika likizo ya kwao, mwezi wa Juni na Julai, wakakuta shule zetu nazo zina likizo, na mlangoni yuko mlinzi tu na mbuzi wake.

Tuseme kwanza mema yao, maana ni haki. Mtoto akikutana na mtu asiyejua Kiswahili wala Kimaasai, hana njia ila kujaribu Kiingereza chake. Nalo ni jambo ambalo mwalimu wa kwetu, ajuaye lugha zote tatu, hawezi kulifanya kwa urahisi. Tena wageni wengi hufundisha kwa michezo, kwa nyimbo na kwa picha, wala hawamcheki akoseaye. Tumewaona watoto wenye haya wakifumbua kinywa kwa mara ya kwanza. Na masikio nayo hupata faida, kwa kusikia lugha kama wenyewe wanavyoitamka. Wahenga walisema kweli, "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Lakini walisema pia, "Mgeni ni kuku mweupe." Akiingia uani, macho yote humtazama yeye. Hapa ndipo hasara inapoanza. Mgeni afikapo, mara nyingi hupewa darasa zima siku ya kwanza, na mwalimu wa darasa huenda kukaa ofisini. Mgeni hajui watoto wamefika ukurasa gani, wala haujui muhtasari wa Taasisi ya Elimu, wala mtihani utauliza nini. Basi huanza na majina ya rangi, na wimbo wa kichwa na mabega. Watoto hufurahi. Baada ya majuma matatu aaga kwa machozi, na mwezi ufuatao aja mwingine, naye huanza na rangi na mabega. Mtoto wa darasa la tano aweza kupokea wageni wanne kwa mwaka, akajua rangi zote za dunia, asiweze kuandika barua ya mistari mitano.

Na iko hasara nyingine isiyoonekana, nayo ni kubwa kuliko ile. Watoto na wazazi huanza kusema, "Mwalimu wa kweli ni yule Mzungu." Mwalimu wetu, aliyesoma chuoni, aliyepanga nyumba hapa Terrat, ajuaye ni mtoto gani aliyelala bila kula, huonekana kuwa si kitu katika darasa lake mwenyewe. Mwalimu akivunjwa moyo, hakuna mgeni awezaye kuziba pengo lake. Twasema jambo hili mbele ya wazazi makusudi: heshima ya mwalimu ni mali ya kijiji, nanyi ndio walinzi wake.

Tena, walimu wenzetu mtakubali ya kuwa wako vijana wa Kitanzania waliohitimu ualimu, na baadhi yao wamesomea Kiingereza hasa, nao wakaa nyumbani wakingoja ajira ya serikali. Baadhi yao hufundisha kwa kujitolea katika shule zetu, wakipata nauli tu, au wasipate kitu. Hao nao ni watu wa kujitolea, ijapokuwa hawakupanda ndege. Yafaa kuuliza: fedha alipazo mgeni mmoja kwa majuma manne zingaliweza kumtunza kijana wa namna hiyo kwa muda gani? Kila parokia ipigiwayo mlango na mgeni mwenye nia njema na imwulize swali hili kwa upole. Wageni wengi ni watu wa haki, wakielezwa, husikia. Wengine wamekwisha kujibu kwa vitendo, wakachagua kumlipia mwalimu wa hapa badala ya kuja wao wenyewe.

Je, tuwapokee namna gani? Twatoa mashauri haya kwa walimu na kwa halmashauri za parokia.

Kwanza, mgeni apitie mlangoni. Sheria ya nchi yamtaka mgeni afanyaye kazi, hata isiyo na mshahara, awe na kibali; ruhusa ya utalii haitoshi. Apitie pia kwa Afisa Elimu na kwa Mwalimu Mkuu. Na kwa kuwa watoto ni amana, alete barua za watu wanaomjua tabia yake, wala mtu asiyejulikana asiachiwe watoto peke yake.

Pili, ajifunze kabla ya kufundisha. Ajue kuamkia kwa Kiswahili, na ajue desturi za hapa. Mtoto wa Kimasai amwinamishiapo kichwa, ajue ya kuwa amngoja amguse kichwani, maana ndiyo heshima ya mtoto kwa mkubwa. Asiwapige watoto picha kama wapigwavyo twiga wa mbugani, bali aombe ruhusa ya wazazi.

Tatu, chaki ibaki mkononi mwa mwenye darasa. Mwalimu afundishe somo la siku ile kwa kufuata muhtasari, na mgeni asome kwa sauti, aulize na kujibu, awachukue watoto kumi kumi chini ya mti wasome huku akiwasikiliza. Hivyo hata darasa la watoto wengi hupata masikio mawili zaidi. Na mchana, watoto wakiisha kwenda, walimu na mgeni wakae saa moja wakizungumza Kiingereza wao kwa wao. Saa hiyo ndiyo yenye thamani kuliko zote, maana itabaki shuleni miaka mingi. Mwalimu asione haya kuuliza, na mgeni asione haya kufundishwa.

Nne, aandike. Kila mgeni aache daftari: nimewakuta hapa, nimefika hapa, kitabu hiki kimetufaa. Ajaye baada yake asianze tena na rangi.

Tano, asiyeweza kukaa walau muhula mmoja asishike darasa. Kazi nyingine ziko: kusoma hadithi pamoja na watoto baada ya vipindi, kupanga maktaba ndogo, kushona vitabu vilivyochanika. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Jembe ni heshima, kwa sababu lasema, "Wewe sasa u mmoja wetu."

Mtu akisema ya kuwa mashauri haya ni ndoto, na atazame Moshono, si mbali na hapa. Gemma Sisia, mwanamke wa Australia, alikuwa amefundisha kwa kujitolea Uganda akiwa kijana. Mwaka 2002 alifungua Moshono shule ya St Jude, kwa ajili ya watoto wenye akili waliotoka katika nyumba maskini, nao husoma bila malipo. Walimu wake wengi sana ni Watanzania. Wanafunzi wake wa kwanza wa kidato cha sita walihitimu mwaka 2015, na wahitimu wa shule ile wamekuwa wakitoa mwaka mmoja kufundisha kwa kujitolea katika shule za serikali, kabla ya kuendelea na masomo. Tazameni mzunguko huo: aliyekuja alikuwa mgeni mmoja, na leo wanaosimama mbele ya ubao ni watoto wa Arusha, wajuao vumbi la njia zetu na salamu za wazee wetu.

Basi na sisi wa Terrat tusingoje ndege. Kila mwaka vijana wetu humaliza kidato cha sita mwezi wa Mei. Wengine huitwa Jeshi la Kujenga Taifa. Wengine hukaa nyumbani wakingoja Chuo Kikuu. Nyumba ya mikutano ya kigango hukaa tupu jioni. Haishindikani kuwaweka vijana wawili humo, pamoja na mwalimu mmoja wa kuwaongoza, wawasomeshe watoto wa darasa la sita na la saba Kiingereza siku tatu kwa juma, ili waingiapo kidato cha kwanza wasiingie gizani. Akina mama wa jumuiya hawatashindwa na uji, wala wazee hawatashindwa na taa. Na mgeni wa ng'ambo akija, atakuta kazi imekwisha kuanzwa. Atakunja mikono ya shati na kuingia kati ya wenzake.

Jubilei ni wakati wa kushukuru na wa kuhesabu. Twawashukuru wote waliovuka bahari kwa ajili yetu. Na katika kuhesabu, na ihesabiwe kila mwaka, katika kila kigango, ni watoto wangapi waliovuka salama kutoka shule ya msingi mpaka kidato cha pili, na ni mwalimu gani aliyewavusha. Jina la mwalimu huyo lisomwe mbele ya watu wote.

Mungu awabariki walimu wetu.